Tumbo la Mwonja Chai

3 Februari

Dada yangu Hadubini,

Salamu nyingi kutoka vilimani. Mke wangu hajambo, binti yetu hajambo, ameng'oka meno mawili ya mbele na anacheka kama bibi kizee. Mimi ndiye nina jambo.

Naandika kwa sababu simu ya kiwanda iko juu ya meza ya meneja, na simu za mkononi hupata mtandao pale tu kwenye tangi la maji, ambapo watu kumi husimama wakisikilizana siri. Hili langu halitakiwi kusikika.

Ni tumbo, dada. Hapa kwenye chembe ya moyo panauma kama mtu anakamua nguo iliyolowa. Nikila panatulia, baada ya saa mbili panaanza upya. Halafu kuna kiungulia: maji machungu yanapanda mpaka kwenye koo, na hapo ndipo mkate wangu unapoingia mchanga.

Najua wewe unadhani kazi yangu ni kunywa chai. Basi sikiliza. Kila asubuhi vikombe mia mbili vyeupe vinapangwa kwenye meza ndefu. Kijiko kimoja kwa kila kikombe, nakivuta kwa kelele mpaka chai igonge kaakaa, naizungusha mdomoni, natema kwenye ndoo, namwambia karani: hii kali, hii angavu, hii imeungua, hii imelala. Naenda kingine. Maji ya tumbo yakipanda mara moja tu, vikombe thelathini vinavyofuata vyote vina ladha moja, nayo ni ladha yangu mimi.

Mwonja mkuu anastaafu mwezi wa sita. Meneja ametuambia mimi na mwenzangu, yule tunayemwita Pua, kwamba tutaonja mbele ya wanunuzi, vikombe vilevile, vimefichwa majina. Atakayekosea atabaki msaidizi mpaka azeeke. Wakijua nina vidonda vya tumbo, hata mezani sitafika, nitapelekwa kwenye kupakia magunia. Miaka kumi na saba ya kuacha vitunguu, sigara na pilipili itakuwa imeenda na maji.

Mwenye duka la dawa hapa ananipa magadi. Yanatuliza, lakini yanaua ulimi saa nzima. Mke wangu anasema ni mawazo. Kila mtu anasema ni mawazo, kama walivyosema kwa Baba.

Nitumie kitu cha kumaliza hili. Mama usimwambie.

Mdogo wako,
Ulimi


11 Februari

Wewe Ulimi,

Mtu anaumwa tangu lini sijui, ananiandikia baada ya kujaza magadi kama anaoka maandazi. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na mimi sitaki uumbukie kaburini. Kaa chini nikueleze, maana ndiyo kazi ninayoifanya hapa maabara kila siku toka saa mbili asubuhi.

Vidonda vya tumbo kwa watu wengi si mawazo wala pilipili. Kuna bakteria, mdudu mdogo aliyejisokota kama skrubu, anaishi ndani ya tumbo, mahali ambapo watu waliamini hakuna kinachoweza kuishi kwa ukali wa ile asidi. Anajichimbia kwenye ute unaolinda ukuta wa tumbo. Ute ukilegea, asidi inakutana na nyama tupu, na hicho ndicho kidonda. Mawazo yanachokonoa tu. Wengi wanampata utotoni, kwa maji machafu au kwa kula na aliye naye. Mimi nilikutwa naye miaka sita iliyopita. Nilimeza dawa, akatoka. Nadhani sisi wote tulirithi kutoka kwa Baba pamoja na masikio yake makubwa.

Ulikuwa mdogo, huenda hukumbuki vizuri. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne. Alitapika damu uani, na kabla mwili haujapoa shangazi zetu walishasema: maneno ya mke ndiyo yaliyomtoboa tumbo. Mama amelibeba hilo mpaka leo. Chumvi ikipungua kwenye mboga haombi, anasubiri mtu akumbuke. Anaogopa mdomo wake mwenyewe.

Kwa hiyo usiniambie mawazo. Nataka sampuli. Ndiyo, ya choo kikubwa. Acha kukunja uso, mimi hicho ndicho ninachofungua kila siku kabla ya chai. Chukua kiasi cha kijiko kidogo, weka kwenye kichupa safi, funga, weka kwenye barafu, mpe mtu anayekuja mjini siku hiyohiyo.

Mama hajui. Amekusalimia.

Dada yako


20 Februari

Dada,

Nimetekeleza. Kichupa kiko ndani ya kopo la chai, kopo liko ndani ya kisanduku cha barafu, kisanduku anacho dereva wa lori linalopeleka chai yetu mnadani. Nimeandika juu yake SAMPULI, kama tunavyoandika zote. Dereva amekipokea kwa mikono miwili. Akaniuliza, "Hii ya wapi, mkubwa? Daraja la kwanza?" Nikamwambia hii haijapangiwa daraja. Akasema akifika ataomba aonjeshwe kidogo. Tafadhali mpokee mwenyewe mlangoni.

Wiki hii nilikosea vikombe viwili. Karani aliniangalia, akaandika nilichosema, hakuuliza.

Ulimi


26 Februari

Mdogo wangu,

Dereva wako alisimama hapa maabara nusu saa akisubiri chai yake. Nilimpa soda.

Unaye, tena si haba. Kipande cha kipimo kilibadilika rangi kabla sijakaa. Nisikufiche, nilifurahi. Adui akishajulikana anapigika. Daktari wetu ameandika dozi, nimeichukua mimi, anakuletea dereva yuleyule. Ziko aina tatu. Mbili ni antibayotiki, hizo ndizo za kumuua mdudu. Ya tatu ni kapsuli ya kuzuia asidi, hiyo inakupa nafuu na kuzisaidia nyingine zifanye kazi. Zote tatu, asubuhi na jioni, siku kumi na nne. Si kumi, si kumi na tatu. Ukimuacha nusu mfu atafufuka akiwa mjuzi, na dawa hizo hatazijali tena. Na vidonge vya maumivu usiguse, vinachimba kidonda.

Hutazipenda. Lakini ni wiki mbili tu, na mwezi wa sita uko mbali.

Mwambie mkeo. Mtu hamezi vidonge sita kwa siku ndani ya vyumba viwili bila mke kuona.

Dada yako


17 Machi

Dada Hadubini,

Nani alikwambia wewe ni mpimaji tu? Wewe ni daktari uliyenyimwa koti refu. Dozi nimemaliza. Kiungulia kimekufa kifo kibaya. Nalala, nakula, na mezani niko kama kijana. Jana mwonja mkuu alinifunika macho kwa leso yake akanipa vikombe sita, nikamtajia vyote mpaka shamba la juu na shamba la bondeni. Akasema, "Wewe sasa umerudi." Sikujua kumbe alikuwa ameona kwamba nilikuwa nimeondoka.

Pua ananuna. Amepunguza hata salamu.

Mke wangu anajua kila kitu na anakushukuru.

Ulimi


25 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Nimefurahi, ila nikajiuliza: mdomo wako haukuwa na ladha ya chuma? Mimi nilipomeza zile, maji yalikuwa kama nimelamba misumari, wiki mbili nzima. Kila ninayempa analalamika. Wewe unayeishi kwa ulimi hukutaja hata neno. Ama una bahati, ama huo ulimi wanaousifia ni wa mbao.

Kupata nafuu si kupona. Subiri mwezi upite, halafu nitumie sampuli nyingine. Ila sikiliza hapa, na usinisikilize kwa sikio moja. Kabla ya kipimo, wiki mbili kamili usiguse kapsuli ya asidi. Ile kapsuli inamfanya mdudu ajifiche, anakuwa mchache kiasi kwamba kipimo hakimuoni. Tutadhani nyumba ni tupu kumbe mwenyeji kajifungia chumbani. Umesikia? Wiki mbili.

Dada yako


29 Aprili

Dada,

Nimekusikia kwa masikio yote mawili ya Baba. Sampuli ndiyo hiyo. Kapsuli nimeacha, leo ni wiki mbili na siku moja.

Kuhusu chuma, kweli kulikuwa na kauchungu fulani, kakapita. Unajua mimi nimezoea vitu vichungu, nimekua na wewe.

Mgongo ndio unaonisumbua sasa. Meza ya kuonjea ilitengenezwa na fundi mfupi, naona alijipima mwenyewe. Je, naweza kumeza vile vidonge vya maumivu vya duka la dawa? Ulinikataza wakati ule.

Wiki sita zimebaki.

Ulimi


6 Mei

Mdogo wangu, mtoto wa mama yangu,

Hakuna kitu! Nimekaa na saa mkononi, nikasubiri muda wote uishe na dakika tano za nyongeza, kipande cheupe kimebaki cheupe. Umepona. Nimeandika kwenye fomu kwa mkono wangu mwenyewe na nimepiga mstari chini yake.

Unisamehe, nimemwambia Mama. Nimeshindwa kunyamaza. Nilimkalisha kitandani nikamweleza kuhusu mdudu, kuhusu wewe, kuhusu mimi, halafu kuhusu Baba. Nikamwambia, "Mama, hukumuua. Alikuwa na mdudu, na wakati ule dawa haikujulikana." Akauliza, "Mtoto wangu amepona kweli?" Nikasema amepona kweli, nimempima mimi. Akalia, dada yako nikalia, jirani akaja kuuliza nani amefariki. Jioni ile Mama alionja mboga akasema, "Haina chumvi hii." Miaka thelathini, mdogo wangu. Nilitaka nimbusu mdomo.

Vidonge vya mgongo meza, ila baada ya chakula. Tumbo lako sasa ni jipya.

Dada yako


16 Juni

Dada,

Mtangazie Mama: mwanawe ndiye mwonja mkuu!

Wanunuzi wanne, meneja, na yule mzee anayestaafu, wote wamesimama nyuma yetu. Vikombe themanini. Nilisikia kelele ya kijiko cha Pua upande wa pili na nikajua anaharakisha. Kikombe cha hamsini na mbili kilikuwa mtego: walichanganya chai ya msimu uliopita na mpya. Pua alisema "angavu". Mimi nikasema, "Hii ina nywele nyeusi na ndevu nyeupe." Mnunuzi mmoja akacheka mpaka akakohoa. Nimekosea viwili, Pua tisa. Alinipa mkono, lazima niseme ukweli, alinipa vizuri.

Nimechoka tu. Nikipanda ngazi za bohari nasimama katikati kama mzee. Ni kazi ya wiki hizi, na mgongo.

Kuna rafiki yangu hapa kazini ameniomba nikuulize, maana anajua dada yangu ni mtu wa maabara. Anapata choo cheusi, cheusi kama lami na kinanata. Amekula vizuri tu. Ni nini? Ana haya kwenda zahanati, kwa sababu mganga wa pale anakunywa chai na meneja.

Ulimi, Mwonja Mkuu


22 Juni

Barua yako imenifikia leo. Nampa dereva hii akiwa amewasha injini.

Choo cheusi kama lami ni damu. Damu inavuja tumboni na inaiva njiani. Huyo rafiki aende hospitali leo hii, si zahanati. Asimeze kidonge chochote cha maumivu. Asingoje.

Nimepiga simu ya meneja mara nne, inalia tu. Ni nani huyo? Kama ni wewe, acha kila kitu, acha meza, panda gari lolote. Nijibu kwa huyuhuyu dereva.

Dada


5 Julai

Kwa wifi yangu,

Mliondoka siku ya pili baada ya kuzika na hatukupata nafasi. Watu walikuwa wengi, na Mama alikuwa ameshikilia mkono wangu. Sasa nyumba imetulia. Naandika.

Barua yako ya tarehe 22 dereva aliileta siku tunazika. Alinipa akiwa amevua kofia. Sikuifungua mpaka mlipoondoka. Ulikuwa unamuuliza rafiki ni nani.

Msibani mliambiwa alianguka kazini. Nilimtafuta karani wake anieleze yote, kwa sababu nilitaka kujua mimi. Ilikuwa tarehe 23 asubuhi. Anasema walikuwa kwenye kikombe cha mia moja na arobaini. Mume wangu alikuwa anavuta, anatema, anataja. Ndoo ilikuwa imejaa chai iliyotemwa, nyekundu ya kahawia kama kawaida. Hakuna aliyeona ni saa ngapi alichokuwa anatema kiliacha kuwa chai. Karani aliendelea kuandika. Anazo karatasi, alinionyesha: kali, angavu, kali, kali. Halafu akakaa chini, kitu ambacho hajawahi kufanya mezani. Akasema, "Hiki sikijui." Wakamwinua, shati lote limelowa. Walimpakia kwenye lori la majani mabichi, wakanipitia nyumbani. Hospitali ni mwendo wa saa mbili. Kwa saa moja na nusu alikuwa hai, wifi, nusu saa iliyobaki nilikuwa nimemshika peke yangu.

Sikuwa najua chochote. Wewe uliandika "mwambie mkeo", na msibani ulinidokeza kwamba yeye alikujibu nimeambiwa na nakushukuru. Barua zako zote nimezikuta. Mimi niliambiwa kapsuli ni za kulainisha koo, za waonja chai wote.

Nyuma ya kabati nimekuta mfuko wa dawa ulizotuma. Nimehesabu. Ametumia siku tatu. Siku kumi na moja zimo ndani, aina mbili zile. Kapsuli ndizo zimeisha, na kuna maganda ya nyingine nyingi alizonunua mwenyewe dukani, mpaka za mwezi wa sita. Hakuacha kumeza hata siku moja.

Msibani watu waliniambia, sikio la kufa halisikii dawa. Sikio lake lilisikia. Nataka wewe uniambie kipimo chako kiliona nini.

Nimekuta na hii hapa chini, hakuituma. Ni yako.

Mke wa ndugu yako


20 Juni

Dada,

Hii nikiimaliza nitakuwa nimeitoa kifuani.

Hakuna rafiki. Ni mimi.

Zile dawa nilizimeza siku tatu. Siku ya tatu nilikwenda mezani na kila kikombe kilikuwa chuma. Vikombe mia mbili, dada, vyote kama nimelamba bawaba ya mlango. Nikawa nabahatisha, namtazama karani usoni nijue nimepatia au nimekosea. Mwonja mkuu alikuwa amesimama dirishani. Nilirudi nyumbani nikasema nitasimamisha kidogo, nimalize msimu, nitaanza tena. Nikabaki na kapsuli peke yake. Kapsuli haina ladha. Kapsuli ilinirudishia ulimi kesho yake tu, na maumivu yakaisha. Nikaona, kama maumivu yameisha, kuna nini tena?

Ulipotaka niache kapsuli wiki mbili, nilijaribu. Nilifika siku ya pili. Maji machungu yalinijia mbele ya meneja. Nikameza. Nikakuandikia kwamba nimeacha. Nilijua kipimo kitakamata, utanitukana, na nitaanza dozi baada ya shindano. Niliitaka hata hiyo barua ya matusi. Badala yake ukaniandikia nimepona, umepiga na mstari. Dada, nilikuamini. Najua nilichokuwa nimefanya na bado nilikuamini. Nilisema labda siku tatu zilitosha, labda mimi nina damu kali. Mpimaji ni wewe.

Na Mama alikuwa ameshaomba chumvi. Ningeanzia wapi kusema?

Jumatatu kuna sampuli za wanunuzi, mia na themanini. Nikimaliza hizo nakuja mwenyewe mjini, unitukane ana kwa ana


15 Julai

Wifi yangu,

Umeniuliza kipimo kiliona nini. Hakikuona kitu, na nilijua kinaweza kisione.

Nitakueleza, na usinihurumie unaposoma. Maabara yetu ina utaratibu. Mpimaji hapimi ndugu yake. Na fomu ina swali: mgonjwa ametumia kapsuli za asidi ndani ya wiki mbili? Swali hilo tunamuuliza mgonjwa uso kwa uso, akisitasita tunamrudisha nyumbani. Wote wanadanganya, wifi. Mabosi wanadanganya, mashehe na wachungaji wanadanganya, kwa sababu kuungua kwa wiki mbili ni kugumu. Nimewarudisha watu wanaolia. Kwa mdogo wangu nilijaza mwenyewe: "Ameacha." Nilinakili kutoka kwenye barua yake.

Na kabla ya hapo nilishajua. Aliponiandikia amemaliza dozi bila kutaja chuma, nilikuwa nimesimama karibu na sinki na nikasema kwa sauti, "Huyu hakumeza." Mwenzangu wa zamu alisikia. Halafu nikakaa nikaandika utani kuhusu ulimi wa mbao. Nilitaka apone. Nilitaka niende nyumbani nimwambie Mama maneno niliyokuwa nayo miaka yote. Kipande kilipobaki cheupe, sikukiuliza chochote.

Vidonge vya mgongo pia ni mimi. Kwa mtu mwenye kidonda ni kama kumwagia petroli, na niliandika ameze baada ya chakula.

Yeye alinidanganya mara mbili. Mimi nilimpa ruhusa.

Mama amerudi alikokuwa. Juzi aliniambia, "Nilimpigia kelele sana akiwa mdogo, labda ndiyo." Nikamwambia sivyo. Ananipenda, lakini neno langu haliamini tena, na ana haki. Sijamwonyesha barua aliyoiacha mwanawe. Najiambia namlinda.

Wewe na mtoto lazima mpimwe. Mmekula naye sahani moja miaka yote. Nitumieni sampuli, nitawapima siku hiyohiyo, nitaleta dozi mimi mwenyewe, nitakaa nawe siku zote kumi na nne nikikuhesabia vidonge. Niruhusu nifanye hili moja.

Wifi yako


20 Agosti

Wifi,

Barua yako niliisoma, nikaikunja, nikaifungua tena baada ya wiki. Nilikuwa na hasira na sikujua niigawe vipi. Yeye amekufa na wewe uko mbali, ikabidi nikae nayo mwenyewe.

Sampuli yangu haitakuja kwako.

Nilishuka mjini, mji mwingine, hospitali ambayo hakuna anayenijua. Nilimkuta mpimaji mwanamke, mnene, ana mafua, hakuinua hata macho. Akaniuliza kama natumia kapsuli za asidi. Nikasema hapana. Akaniuliza tena. Nikasema hapana. Akaweka kalamu chini, akaniuliza mara ya tatu, ndipo nikakumbuka kwamba kifua kiliwaka wakati wa msiba na nilimeza za dukani kama zile za marehemu, mbili, tatu, na wiki iliyopita tena moja. Akasukuma fomu pembeni. Akasema, "Rudi baada ya wiki mbili." Nikamwambia nimetoka mbali, nimeacha mtoto kwa jirani, mume wangu amekufa kwa ugonjwa huuhuu. Nililia pale, wifi. Akasema, "Pole mama. Lakini ukilia, lia nje, kuna watu kwenye foleni."

Nilimchukia njia nzima ya kurudi. Wiki mbili niliungua nikimchukia. Nikarudi. Akaniuliza tena mara tatu, kana kwamba hajawahi kuniona.

Mtoto hana. Mimi ninaye. Leo ni siku ya nane ya dozi. Siku ya tatu nilikaa jikoni na kikombe cha maji mkononi na nikamwelewa mume wangu, na nikameza hivyohivyo, kwa sababu mimi si mwonja wa kitu chochote.

Mwonyeshe Mama barua ya mwanawe. Yote, hata pale palipoandikwa kuhusu chumvi. Usimchagulie. Nikimaliza dozi nitakuja na mtoto na nitamuuliza kama ameiona.

Sikuchukii. Lakini kunihesabia vidonge usije. Nilimshukuru Mungu kwamba yule mwanamke hanipendi.

Mke wa ndugu yako